Kwa nini Wamarekani Weusi walipewa kura mara mbili

Habari za Marekani zinapogusa rangi ya mtu, mijadala yetu mtandaoni huchanganya mambo upesi. Mmoja atasema utumwa uliisha zamani, sasa wanalalamikia nini. Mwingine ataandika kwamba Martin Luther King ndiye aliyewakomboa watumwa, ilhali King alizaliwa 1929, zaidi ya miaka sitini baada ya utumwa kufutwa. Wapo wanaowatia King, Malcolm X na Black Panther kapu moja, na wapo wanaowagawa kuwa wapole na wakali, basi. Ndani ya kelele hizo hujitokeza swali moja la maana ambalo aghalabu halijibiwi: kama Katiba ya Marekani iliwapa wanaume weusi kura tangu 1870, mbona mwaka 1965 watu walipigwa marungu kwenye daraja la mji wa Selma, Alabama, kwa kudai kura hiyohiyo?

Ukilifuata swali hilo mpaka mwisho, karibu kila neno linalotutatiza katika historia hii linapata mahali pake. Basi tulifuate.

Kwanza tukubaliane maana za maneno machache. Haki za kiraia ni zile anazokuwa nazo mtu kwa sababu ni raia wa nchi fulani: kupiga kura, kuhukumiwa kwa sheria ileile inayomhukumu jirani yake, kusoma shule ya umma, kupanda basi la umma. Haki za binadamu ni pana zaidi. Mtu anazo kwa kuzaliwa tu, hata kama ni mkimbizi asiye na pasipoti. Tofauti hiyo itatusaidia tukifika kwa Malcolm X.

Halafu kuna ubaguzi na utenganishaji. Ubaguzi unaweza kuwa wa mtu mmoja: mwenye duka anakataa kumhudumia mteja kwa sababu ya rangi yake. Utenganishaji ni mfumo mzima. Sheria ya jimbo inaandika nani aketi wapi, anywe bomba lipi, azaliwe hospitali ipi na azikwe makaburi yapi, na askari anamkamata anayevuka mpaka huo. Katika mfumo wa namna hiyo hata mwenye duka mwenye roho nzuri hana ruhusa ya kuwa mwema.

Jambo la tatu ni muundo wa nchi yenyewe, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Marekani ni shirikisho. Kuna serikali ya shirikisho kule Washington, na kila jimbo lina gavana wake, bunge lake, mahakama zake na polisi wake. Uchaguzi, hata wa rais, unaendeshwa na majimbo. Kwa hiyo Katiba ikishaandika haki, anayemkabidhi mwananchi haki hiyo ni karani wa wilaya katika jimbo lake. Karani akikataa, inabidi atokee mtu mwenye nguvu kuliko jimbo wa kumlazimisha.

Haki za mara ya kwanza

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Katiba ilirekebishwa mara tatu ndani ya miaka mitano. Marekebisho ya 13, mwaka 1865, yalifuta utumwa. Ya 14, mwaka 1868, yalitamka kwamba kila aliyezaliwa Marekani ni raia na kwamba hakuna jimbo linaloweza kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Ya 15, mwaka 1870, yalikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake au kwa sababu aliwahi kuwa mtumwa. Wanawake wa rangi zote waliachwa nje wakati huo.

Kwa muda mfupi mambo yalienda. Kipindi hicho kinaitwa Ujenzi Mpya, na kilidumu mpaka 1877. Jeshi la shirikisho lilikuwa bado Kusini, katika majimbo ya watumwa yaliyoshindwa vitani, na kwa sababu lilikuwepo, watu weusi walipiga kura na kuchaguliwa. Mwaka 1870 Hiram Revels aliingia Seneti ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kuketi humo, akitokea Mississippi. Mwaka 1875 Bunge lilipitisha hata sheria iliyokataza ubaguzi katika hoteli, vyombo vya usafiri na kumbi za maonyesho.

Kisha ukaja uchaguzi wa rais wa 1876, matokeo yakagombaniwa, na katika mapatano ya wanasiasa askari wakaondolewa. Haki zilibaki kwenye karatasi. Mfikirie mtu mwenye hati halali ya kiwanja, lakini mwenyekiti wa mtaa, mkuu wa kituo cha polisi na hakimu wote ni ndugu wa yule aliyekivamia. Hati yake haijafutwa, hakuna aliyeipinga, na bado haimwezeshi kuweka hata tofali moja. Hivyo ndivyo walivyoishi Wamarekani Weusi wa Kusini kwa takriban miaka tisini.

Jim Crow ni nani?

Jim Crow si mwanasiasa wala mtunga sheria. Ni jina la mhusika wa michezo ya jukwaani ya karne ya 19, ambamo wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka. Jina hilo baadaye likabandikwa sheria zote za utenganishaji zilizotungwa na majimbo ya Kusini baada ya jeshi kuondoka.

Mahakama ya Juu ilizibariki sheria hizo kwa hatua mbili. Mwaka 1883 iliifuta ile sheria ya 1875, ikisema Katiba inalizuia jimbo kubagua, haimzuii mwenye hoteli. Mwaka 1896 ikaja kesi ya Homer Plessy wa Louisiana, aliyekamatwa kwa kuketi makusudi kwenye behewa la wazungu. Majaji waliamua kwamba kutenganisha si kosa maadamu huduma ni sawa. Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alipinga. Kutokana na kesi hiyo ndipo lilipozaliwa fundisho la "tofauti lakini sawa", na usawa huo haukuwahi kuonekana: shule ya wazungu ilikuwa na basi na vitabu vipya, ya weusi ilikuwa na chumba kimoja na vitabu vilivyochakaa.

Na kura je? Hapa ujanja ulikuwa mkubwa, kwa sababu Marekebisho ya 15 yalikataza kutaja rangi. Basi hawakuitaja. Mississippi ilianza na katiba yake mpya ya 1890, majimbo mengine yakafuata. Waliweka kodi ya kichwa: lipa kwanza, upige kura baadaye. Waliweka mtihani wa kusoma na kufafanua Katiba, na msahihishaji alikuwa karani mzungu ambaye uamuzi wake haukuwa na rufaa ya maana. Baadhi ya majimbo yaliweka kile kilichoitwa kifungu cha babu: kama baba au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya 1867 hivi, umesamehewa mtihani. Babu za watu weusi walikuwa watumwa, au ndio kwanza wametoka utumwani bila kura.

Mtihani huo unaeleweka vizuri ukimfuata mtu mmoja. Tarehe 31 Agosti 1962, Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba mwenye umri wa miaka 44, alipanda basi na wenzake kumi na saba kutoka Ruleville kwenda Indianola, Mississippi, kujiandikisha. Karani alimpa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili na kukifafanua. Kilihusu istilahi ngumu ya kisheria ambayo yeye hakuijua. Akaambiwa amefeli. Njiani kurudi, polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini kwa kosa kwamba basi lina rangi ya manjano iliyozidi. Jioni ileile mwenye shamba, ambako mama huyu alikuwa amefanya kazi miaka 18, alimpa amri: akafute maombi yake au aondoke. Alimjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya tajiri huyo, alikwenda kujiandikisha kwa ajili ya nafsi yake. Akaondoka usiku huohuo.

Angalia jinsi minyororo ilivyoungana. Karani anakufelisha, polisi anakukamata, tajiri anakufukuza nyumba na kazi kwa siku moja. Pale ambapo hayo yote hayakutosha, palikuwa na umati. Neno la lynching tunalolikuta katika habari lina maana ya kuuawa na kundi la watu bila kesi, mara nyingi hadharani, na mara nyingi viongozi wa mahali pale wakijua. Mwandishi Ida B. Wells alitumia maisha yake kuyaandika mauaji hayo, na alionyesha kwamba visingizio vilivyotolewa vingi vilikuwa uongo. Wengine waliuawa kwa sababu duka lao lilikuwa linashindana na la mzungu.

Kura iligusa hata mauaji. Huko Mississippi wanajopo wa mahakama, wale wananchi wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, walichaguliwa kutoka daftari la wapiga kura. Usipokuwemo kwenye daftari, huwezi kuwa mwanajopo. Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekwenda kuwatembelea ndugu zake, alipouawa kikatili Agosti 1955, waliomuua walisimama mbele ya jopo la wazungu watupu, na jopo likawaachia baada ya muda wa takriban saa moja. Miezi michache baadaye wakakiri kwenye jarida, wakilipwa, wakijua hawawezi kushtakiwa tena. Mama yake, Mamie Till, alikuwa ameamuru jeneza libaki wazi mazishini ili dunia ione alichofanyiwa mwanawe. Siwezi kuandika sentensi hiyo bila kusita.

Mahakamani, halafu barabarani

NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi kilichoanzishwa 1909, kilichagua njia ya mahakama. Mawakili wake wakiongozwa na Thurgood Marshall waliubomoa uamuzi wa 1896 kidogo kidogo, wakianza na vyuo vikuu na kumalizia na shule za watoto. Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi inayoitwa Brown, majaji wote tisa walikubaliana kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi kunavunja Katiba. (Marshall huyohuyo ndiye aliyewasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za msingi katika mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1960.)

Je, kesi ya Brown ilimaliza ubaguzi shuleni? Watu wengi wanadhani hivyo. Mwaka uliofuata Mahakama iliagiza utekelezaji uende kwa kasi inayostahili bila kutaja tarehe, na Kusini ikaitafsiri kasi hiyo ipendavyo. Mwaka 1957 Rais Eisenhower alilazimika kupeleka askari wa miavuli Little Rock, Arkansas, ili wanafunzi tisa tu weusi waingie sekondari. Wilaya ya Prince Edward, Virginia, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 mpaka 1964 kuliko kuwachanganya watoto. Watoto weusi wengi wa wilaya hiyo walipoteza miaka mitano ya masomo. Ni hati ya kiwanja tena: hukumu ipo, mtekelezaji hayupo.

Kwa hiyo watu wakaanza kutafuta nguvu nyingine, na wakaipata mifukoni mwao.

Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, husimuliwa hivi: mama mmoja mshonaji alikuwa amechoka baada ya kazi, akaketi kiti cha wazungu, akakataa kuinuka, na mhubiri mmoja akajitokeza kuwaongoza watu. Karibu kila kipande cha simulizi hiyo kina kasoro, na kasoro hizo zinawanyima watu sifa wanayostahili.

Rosa Parks hakuketi kiti cha wazungu. Viti kumi vya mbele ndivyo vilivyokuwa vya wazungu. Yeye aliketi safu ya kati, iliyoruhusiwa kwa weusi mradi mbele pana nafasi. Jioni ya tarehe 1 Desemba 1955 mbele pakajaa, mzungu mmoja akabaki amesimama. Dereva akawaamuru abiria wanne weusi wa safu ile wote wainuke, kwa kuwa mweusi na mzungu hawakutakiwa kukaa safu moja. Watatu waliinuka. Na Rosa Parks hakuwa mshonaji tu aliyechoka. Alikuwa na miaka 42, katibu wa tawi la NAACP kwa miaka mingi, na majira ya joto ya mwaka huo alikuwa amehudhuria mafunzo ya wanaharakati huko Tennessee. Alijua alichokuwa akifanya.

Hakuwa wa kwanza pia. Miezi tisa kabla, binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa katika mji uleule kwa kosa lilelile. Na usiku Parks alipokamatwa, King hakuwa na habari. Aliyekesha ni Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa baraza la wanawake, aliyechapisha makumi ya maelfu ya vipeperushi kwenye mashine ya chuo na asubuhi akavisambaza kupitia wanafunzi. King, mchungaji mgeni wa miaka 26, alichaguliwa kuongoza baada ya mgomo kuwa umeshaanza.

Mgomo ulidumu siku 381. Hapo ndipo penye somo la jinsi mambo yanavyofanyika. Watu weusi walikuwa karibu robo tatu ya abiria wote wa kampuni ile ya mabasi, kwa hiyo walipoacha kupanda, mapato yalianguka. Lakini wafanyakazi wa majumbani walipaswa kufika kazini kila asubuhi. Kamati ikapanga magari ya watu binafsi karibu mia tatu, yenye vituo na ratiba. Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi kwa kushiriki, alikusanya wanawake wakapika kuku na keki kwa siri na kuuza, fedha zikanunua petroli. Polisi waliwakamata madereva kwa makosa ya kubuni, nyumba ya King ikalipuliwa kwa bomu, na bima za magari zikafutwa mpaka ikabidi zitafutwe London.

Na jambo linalosahaulika zaidi: mwanzoni hawakudai hata kufutwa kwa utenganishaji. Walidai adabu kutoka kwa madereva, madereva weusi kwenye njia za mitaa yao, na kwamba anayewahi kiti akae bila kuinuliwa. Waliponyimwa hata hayo, wakapandisha dai. Kilichowaangusha wapinzani mwishoni kilikuwa kesi, na walalamikaji wake walikuwa wanawake wanne, Claudette Colvin akiwamo. Mahakama ya Juu ilikubaliana nao Novemba 1956. Mgomo na mahakama vilisaidiana. Kimoja bila kingine kingekwama.

Kutotumia nguvu si kuvumilia

Neno linaloeleweka vibaya kuliko yote huku kwetu ni hili. Tunasikia "bila kutumia nguvu" tunafikiria unyonge, mtu anayegeuza shavu la pili akisubiri huruma. Wao walilifanya kuwa mbinu, tena inayofundishwa darasani. Huko Nashville, mhubiri James Lawson, aliyewahi kuishi India na kujifunza njia za Gandhi, aliendesha warsha ambamo wanafunzi waligawana nafasi: nusu wanaigiza umati unaotukana, kutema mate, kupuliza moshi usoni na kuangusha watu vitini, nusu wanajizoeza kutojibu na kukinga kichwa. Shabaha ilikuwa kumlazimisha mpinzani achague hadharani: atuache, au atupige mbele ya kamera.

Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakaagiza kahawa, wakanyimwa, wakabaki wameketi. Migomo hiyo ya kuketi ilienea Kusini nzima ndani ya wiki chache. Mwaka 1961 zikafuata Safari za Uhuru: weusi na wazungu walipanda mabasi ya kati ya majimbo pamoja ili kupima kama hukumu za Mahakama ya Juu zinafuatwa. Basi moja lilichomwa moto Anniston, Alabama, na zaidi ya watu mia tatu walifungwa Mississippi.

Mashirika yalikuwa kadhaa na hayakupendana daima. NAACP ilikuwa ya mawakili, SCLC ya King ya makanisa, CORE ndiyo iliyoanzisha Safari za Uhuru, na SNCC, iliyozaliwa 1960 chini ya ulezi wa Ella Baker, ilikuwa ya vijana waliokwenda kuishi vijijini na kuandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba. Baker hakutaka harakati zimtegemee mtu mmoja mwenye mvuto. Ukimwelewa yeye, unaelewa nusu ya ugomvi wa ndani wa miaka ile.

Haki za mara ya pili

Picha za Birmingham za Mei 1963, mbwa wa polisi na mabomba ya maji ya zimamoto yakielekezwa kwa watoto, ziliizunguka dunia. Maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti yakafuata, watu takriban 250,000. Jina lake kamili lilikuwa maandamano ya kudai ajira na uhuru, na miongoni mwa madai ilikuwemo mishahara ya chini isiyopungua dola mbili kwa saa. Sehemu hiyo ya ajira imefifia katika kumbukumbu, ikabaki ile hotuba ya King ya ndoto.

Ndipo zikaja sheria mbili ambazo watu huzichanganya. Sheria ya Haki za Kiraia, 2 Julai 1964, ilipiga marufuku ubaguzi katika hoteli, migahawa, ajira na taasisi zinazopokea fedha za shirikisho. Kuikwepa hukumu ya 1883, Bunge liliijenga juu ya mamlaka yake ya kusimamia biashara kati ya majimbo. Lakini kura iliguswa kidogo tu.

Kura ilihitaji Selma. Februari 1965 polisi wa Alabama walimpiga risasi na kumuua Jimmie Lee Jackson, mweusi aliyekuwa katika maandamano ya kudai kura, na tarehe 7 Machi watu takriban 600 wakaanza kuandamana kuelekea Montgomery. Kwenye daraja la Edmund Pettus walikutana na askari wenye marungu na gesi. John Lewis, mwenyekiti wa SNCC, alivunjwa fuvu. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilisainiwa tarehe 6 Agosti.

Sheria hii ilikuwa na kitu ambacho Marekebisho ya 15 yalikikosa kivitendo: mtekelezaji. Ilisimamisha mitihani ya kusoma. Iliruhusu maofisa wa shirikisho kwenda wilayani kuandikisha watu, wakimpita karani. Na ilizitaka sehemu zenye historia mbaya zipate kibali cha Washington kabla ya kubadilisha kanuni yoyote ya uchaguzi. Mississippi, ambako takriban 7% tu ya watu weusi waliostahili walikuwa wameandikishwa, ilifika karibu 60% kufikia 1967. Watu walewale, katiba ileile. Swali letu la mwanzo limejibika hapo.

Malcolm X na Nguvu ya Weusi

Malcolm X aliuona mtego wa neno "kiraia" mapema. Alisema maadamu jambo hili linaitwa haki za kiraia, litabaki suala la ndani la Marekani. Likiitwa haki za binadamu, linaweza kupelekwa Umoja wa Mataifa. Kwa sababu hiyo alikwenda Cairo Julai 1964 kuwaomba viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wamuunge mkono. Baadaye mwaka huohuo alifika Dar es Salaam akakutana na Mwalimu Nyerere, na jijini Nairobi akakutana na vijana wa SNCC, John Lewis akiwamo. Desemba, Abdulrahman Babu wa Zanzibar alihutubia mkutano wake Harlem. Malcolm hakuhubiri vurugu kama inavyodaiwa; alisema mtu anayeshambuliwa huku serikali haimlindi ana haki ya kujilinda. Aliuawa Februari 1965.

"Nguvu ya Weusi" ilipaazwa na Stokely Carmichael wa SNCC huko Greenwood, Mississippi, Juni 1966. Wengi huisikia kama chuki dhidi ya wazungu. Maana yake ya msingi ilikuwa kwamba kura peke yake haitoshi bila chama, ardhi na uchumi mikononi mwa wenyewe. Hata yule chui mweusi (black panther) alianza kama alama ya chama kwenye karatasi ya kura: wilaya ya Lowndes, Alabama, ilikuwa na wapiga kura wengi wasiojua kusoma, kila chama kikahitaji alama, na alama ya Democrats wa jimbo ilikuwa jogoo mweupe mwenye maneno ya ukuu wa wazungu. Wakulima wa Lowndes wakachagua chui. Vijana wa Oakland, California, waliliazima jina hilo Oktoba 1966 kuanzisha Black Panther, wakijulikana kwa bunduki, ilhali walilisha pia maelfu ya watoto kifungua kinywa cha bure.

Baadhi ya watu hawa walikuja kwetu. Bob Moses, aliyeongoza kazi ya SNCC Mississippi, alifundisha hisabati Same, Kilimanjaro, tangu 1969 hadi 1976. Pete O'Neal wa Black Panther aliishi uhamishoni nje kidogo ya Arusha tangu miaka ya 1970, yeye na mkewe Charlotte wakijenga kituo cha jamii.

Kilichobaki kwenye habari

Kaskazini hakukuwa na mabango ya Jim Crow, na ndiyo maana wengi hudhani kulikuwa salama. Huko utenganishaji ulipitia mikopo. Tangu miaka ya 1930 ramani zilizochorwa na chombo cha serikali ziliipaka mitaa ya weusi rangi nyekundu kama mitaa ya hatari, na mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali ikaelekezwa kwingine. Nyumba ndiyo urithi mkubwa wa familia ya kawaida ya Marekani. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilipita Aprili 1968, siku chache baada ya King kuuawa mjini Memphis, alikokwenda kuunga mkono mgomo wa wazoa taka.

Hatua maalumu za kusawazisha (affirmative action), zile za kuwafungulia waliobaguliwa milango ya vyuo na ajira, nazo husemwa kuwa ni kugawa nafasi kwa rangi. Kwa vyuo, nafasi zilizotengwa zilikatazwa na Mahakama ya Juu tangu 1978. Kilichoruhusiwa kilikuwa kuitazama rangi kama jambo moja kati ya mengi. Juni 2023 Mahakama ilifunga mlango huo pia.

Na ile kura? Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya wilaya ya Shelby, Alabama, Mahakama iliifuta orodha ya majimbo na wilaya zilizopaswa kuomba kibali, kwa hoja kwamba takwimu zilizotumika zimepitwa na wakati. Saa chache baadaye Texas ilitangaza kwamba sheria yake ya vitambulisho vya kupigia kura, iliyokuwa imenyimwa kibali, sasa itatumika. Kabla ya siku hiyo jimbo ndilo lililopaswa kuthibitisha, kabla ya uchaguzi, kwamba kanuni yake mpya haimuumizi mpiga kura mweusi. Baada yake, mpiga kura ndiye anayepaswa kutafuta wakili na kulishtaki jimbo, na kesi ikichelewa, uchaguzi unafanyika kwa kanuni hiyohiyo anayoipinga.